Juisi ya kijani Kiruruma: Sukari ikitoka, faida inabaki wapi?

Bei ya sukari ilipopaa mwanzoni mwa mwaka 2024, baada ya mvua za El Nino kuvuruga uvunaji wa miwa na kupunguza uzalishaji viwandani, wauzaji wengi wa juisi nchini walijikuta njia panda. Ama wapandishe bei ya glasi, ama wapunguze sukari na kumuudhi mteja aliyezoea utamu. Serikali kupitia Bodi ya Sukari ilitangaza bei kikomo kwa kila kanda Januari ya mwaka huo, lakini madukani katika mikoa kadhaa kilo moja iliuzwa zaidi ya Sh. 4,000/-. Mkoa wa Kagera una kiwanda chake cha sukari wilayani Missenyi, ila kuwa jirani wa kiwanda hakujawahi kuwa kinga dhidi ya bei.

Msukosuko ule umeacha swali ambalo mfanyabiashara mdogo wa ukanda wa Kiruruma, unaogusa wilaya za Karagwe na Kyerwa, ana sababu ya kulipima kwa kalamu na karatasi: je, kinywaji kisichotiwa sukari kabisa kinaweza kulipa? Kinachozungumzwa hapa ni juisi nzito ya kijani, ile ambayo vijana wa mijini huiita smuthi, inayosagwa kwa tango, mchicha, parachichi na tunda kidogo la kuipa ladha. Marekani vinywaji vya kusaga matunda vilishika soko tangu miaka ya 1970, na hii ya majani mabichi ilipata jina baada ya mwaka 2005. Dar es Salaam na Nairobi inauzwa kwenye mahoteli na vibanda vya kisasa kwa bei ambayo mkulima wa Karagwe angeshangaa kuisikia, kwani karibu kila kinachoingia ndani yake kinaota nyuma ya nyumba yake.

Hapo ndipo ilipo nguvu ya Kiruruma. Ardhi ya Karagwe iko juu, mita 1,500 na zaidi kutoka usawa wa bahari sehemu nyingi, mvua zinanyesha misimu miwili kwa mwaka, na kibanja cha kawaida hubeba migomba, kahawa na maharage pamoja na mti mmoja au miwili ya parachichi. Mananasi yanalimwa na hustawi vizuri. Mchicha ni zao la wiki tatu hadi tano tangu kupandwa hadi kuchumwa. Kinachoagizwa kutoka nje ya kijiji ni tangawizi, na pengine tango, kwa vile si kila bustani inalo.

Lakini urefu huo huo wa nchi una upande wa pili ambao wawekezaji wanaotoka Mwanza au Dar es Salaam hawauoni haraka. Karagwe hakuna joto la pwani. Asubuhi kuna ubaridi, na mtu anayeshuka kwenye basi saa 1 anataka chai ya moto, si glasi yenye barafu. Kwa hiyo juisi ya hapa haiwezi kujiuza kwa ubaridi wake kama inavyojiuza Kariakoo. Lazima iuzwe kama chakula chepesi: kitu cha saa 4 asubuhi kwa karani wa ofisi za Kayanga, au cha saa 7 mchana kwa mfanyabiashara wa Omurushaka ambaye hana muda wa kukaa chini kula. Mfanyabiashara asiyelijua hili atanunua mashine ya barafu kwanza na blenda baadaye, na atakuwa ameanza kinyume.

GLASI YENYEWE

Kipimo kinachofaa kwa glasi moja ya mililita 300 ni gramu 100 za tango, gramu 50 za nyama ya parachichi, gramu 30 za majani ya mchicha, gramu 60 za nanasi lililomenywa, kipande cha tangawizi cha gramu 5, maji ya nusu ndimu au robo ya limau, na maji safi yaliyochemshwa na kupoa yasiyozidi mililita 60. Asiye na mizani apime mara moja kwenye duka la jirani, kisha aweke alama kwenye kikombe chake. Kukisia kwa macho ndiko kunakofanya glasi ya leo iwe tamu na ya kesho iwe kama maji ya majani, na mteja wa namna hiyo harudi.

Kwa mahesabu ya sukari, gramu 100 za tango zina chini ya gramu 2. Parachichi lina chini ya gramu 1 kwa kila gramu 100, na ndiyo maana linafaa: linatoa uzito na ulaini bila kuleta utamu. Mchicha karibu hauna. Nanasi lina takribani gramu 10 kwa kila 100, ndizi mbivu takribani 12, embe takribani 14, papai 8. Glasi iliyotajwa hapo juu kwa jumla inabeba gramu 8 hadi 9 za sukari, yaani kama vijiko viwili vya chai, na zote zimetoka kwenye matunda na mboga. Soda ya kola ya mililita 350 inabeba karibu gramu 37, yaani vijiko tisa.

Shirika la Afya Duniani katika mwongozo wake wa 2015 lilishauri sukari huru isizidi asilimia 10 ya nguvu ya chakula cha siku, na ikiwezekana ishuke chini ya asilimia 5, ambayo kwa mtu mzima ni takribani gramu 25. Glasi ya juisi ya kawaida inayotiwa vijiko sita vya sukari imeshamaliza kiasi hicho kabla mnywaji hajala kitu kingine. Ikumbukwe pia kwamba Uingereza inaihesabu sukari ya tunda lililosagwa kama sukari huru, tofauti na tunda linalotafunwa. Ndiyo maana nanasi linapimwa kwa gramu, halimiminwi tu kwa sababu ni la shambani.

Na hapa kuna jambo ambalo watu wa Kagera hawana budi kulisikia bila kuona wanavunjiwa heshima. Juisi ya ndizi, ile inayokamuliwa kwa nyasi kutoka ndizi zilizoivishwa shimoni kabla haijageuzwa kuwa rubisi, haijatiwa sukari hata chembe, lakini si kinywaji chenye sukari kidogo. Ni tamu kwa sababu ina sukari nyingi ya ndizi yenyewe. Muuzaji anayeandika kwenye ubao "haina sukari" huku akiwa amesaga ndizi tatu mbivu na asali kijiko kizima anadanganya, hata kama hajui. Asali zaidi ya robo tatu yake ni sukari.

Ladha isipokuwa na sukari hutegemea uivaji. Nanasi halizidi kuwa tamu likishakatwa shambani. Linalainika na kubadilika rangi tu, basi. Anayenunua mananasi mabichi kwa bei ya chini akitarajia yaiive gengeni amenunua uchachu. Parachichi ni kinyume chake: haliivi mtini, huchumwa gumu na huiva baada ya siku tano hadi kumi, na likifungiwa pamoja na ndizi mbivu huharakisha. Mfanyabiashara mwenye akili hununua parachichi kwa mafungu matatu ya siku tofauti, moja la leo, moja la keshokutwa na moja la wiki ijayo, ili asije akawa na tenga zima lililoiva Jumapili wakati hakuna mteja. Tango lionjwe upande wa kikonyo kabla ya kusagwa. Likiwa chungu hapo, litaharibu jagi zima, wala tangawizi haitaficha.

Mchicha ndio unaowashinda wengi. Ukisagwa mbichi unatoa harufu ya majani, povu jingi, na juisi inageuka rangi ya matope ndani ya muda mfupi. Dawa yake ni rahisi na mama wengi wanaijua kwa mboga nyingine: majani yaliyooshwa yatumbukizwe kwenye maji yanayochemka kwa muda wa dakika moja, yatolewe na kutumbukizwa mara moja kwenye maji baridi yaliyochemshwa, yakamuliwe. Rangi yake inakuwa ya kijani iliyokolea zaidi kuliko mwanzo, vimeng'enya vinavyoharibu rangi vinakufa, vijidudu vingi vinapungua, na sehemu ya asidi ya okzaliki iliyomo ndani ya mchicha inabaki kwenye maji yanayomwagwa. Asidi hiyo si njema kwa mtu mwenye historia ya mawe kwenye figo.

Kuna mvutano mmoja ambao hauna suluhu kamili. Ndimu inazuia parachichi lisiwe jeusi, lakini asidi yake hiyo hiyo taratibu inaivua klorofili madini yake ya magnesiamu na kuifanya kijani iwe ya rangi ya zeituni iliyofifia. Ndani ya nusu saa hakuna atakayeona. Baada ya saa tatu kila mtu ataona. Juisi ya kijani kwa asili yake ni bidhaa ya papo kwa papo, na jambo hili lina uzito kwenye mahesabu kuliko bei ya kiungo chochote.

Nyongeza moja kwa wale wanaopenda kuongeza maziwa: yasiwekwe pamoja na nanasi bichi. Kimeng'enya cha nanasi kinayavunja protini ya maziwa na kinywaji kinakuwa kichungu kabla mteja hajafika katikati ya glasi.

HESABU YA SIKU MOJA

Mfano ufuatao umejengwa kwa glasi 40 kwa siku. Bei ni za kuonyesha njia ya kupiga hesabu, na kila mfanyabiashara aweke za gulio lake. Tango kilo 4 kwa Sh. 1,000/- kila moja ni Sh. 4,000/-. Maparachichi 12 kwa Sh. 200/- ni Sh. 2,400/-. Mchicha mafungu 8 ya Sh. 200/- ni Sh. 1,600/-. Mananasi 3 ya Sh. 1,000/- ni Sh. 3,000/-, kwani karibu nusu ya uzito wa nanasi huenda na maganda na kiini. Ndimu 20 ni Sh. 1,000/-, tangawizi Sh. 1,000/-, na mkaa wa kuchemshia maji Sh. 1,000/-. Jumla Sh. 14,000/-, sawa na Sh. 350/- kwa glasi.

Gharama nyingine za siku ziwe msaidizi Sh. 6,000/-, pango la kibanda Sh. 2,000/-, sabuni na maji ya kuoshea Sh. 1,000/-, ushuru na dharura Sh. 1,000/-, akiba ya kununulia blenda nyingine Sh. 500/-, na umeme Sh. 500/-. Hiyo ya umeme huwashangaza wengi kwa udogo wake. Blenda ya wati 500 ikizunguka dakika moja kwa kila glasi, kwa glasi 40 inakula theluthi moja tu ya uniti. Kinachokula ni jokofu dogo, takribani uniti moja kwa siku, na kwa mtumiaji wa kawaida uniti ni kama Sh. 360/-. Jumla ya gharama hizi ni Sh. 11,000/-.

Glasi ikiuzwa Sh. 1,000/- na zote 40 zikaisha, mfanyabiashara anabaki na Sh. 15,000/-. Mfano huo unapendeza sana kwenye karatasi. Swali la mfanyabiashara wa kweli ni siku ambayo hazikuisha.

Anayesaga yote asubuhi na kuyaweka kwenye ndoo ameshatumia Sh. 25,000/- kabla ya mteja wa kwanza. Lazima auze glasi 25 ndipo arudishe mtaji wake, na kila glasi iliyobaki jioni inamwagwa. Anayesaga kwa kila mteja anapofika yuko kwenye hali nyingine kabisa. Kwake kila glasi inaacha Sh. 650/- baada ya malighafi, na gharama zake za siku zinafidiwa na glasi 17. Ukiongeza mchicha unaonyauka bila kutumika, inakuwa glasi 19. Nanasi, ndimu, tangawizi, tango na parachichi ambalo halijakatwa vinasubiri kesho, na huo mchicha wenyewe unaweza kuwa mboga ya nyumbani. Kati ya 25 na 19 kuna glasi sita, na kwenye kijiji chenye wateja wachache glasi sita kwa siku ndizo zinazotenganisha kibanda kilichofunguliwa na kilichofungwa.

Kwa wale wanaofikiria kushusha bei hadi Sh. 700/- ili kushindana na soda, hesabu inasema glasi moja itaacha Sh. 350/- na zitatakiwa glasi 32 kabla ya faida yoyote. Biashara ya namna hiyo inafaa stendi au siku ya gulio. Kwenye njia panda ya kijiji ni kujitafutia deni.

Je, kuondoa sukari kumeokoa kiasi gani? Vijiko sita kwa glasi ni gramu 25, na glasi 40 zinakula kilo moja. Sukari ikiwa Sh. 3,000/- kwa kilo, hiyo ni Sh. 75/- kwa glasi. Ikipanda hadi Sh. 4,500/-, inakuwa zaidi ya Sh. 110/-. Parachichi lililochukua nafasi yake linagharimu Sh. 60/-. Yaani katika nyakati za kawaida akiba ni Sh. 15/- tu, na mtu asidanganyike kwamba atatajirika kwa kuacha kununua sukari. Alichokipata ni kwamba kiungo kilichokuwa kinapangiwa bei na viwanda, mvua za mbali na meli zinazoingia bandarini kimeondoka, na badala yake kuna kiungo ambacho bei yake inaamuliwa na jirani mwenye mti. Faida yenyewe iko kwa mteja aliye tayari kulipa Sh. 1,000/- kwa kitu ambacho soda haiwezi kumpa.

MTEJA HUYO NI NANI

Utafiti wa kitaifa wa magonjwa yasiyoambukiza uliofanyika mwaka 2012 ulikuta watu 9 katika kila 100 wenye umri wa miaka 25 hadi 64 wana kisukari, na zaidi ya robo wana shinikizo la damu. Hawa wapo vijijini vilevile. Wameambiwa na daktari waache soda na juisi za sukari, na wakifika kwenye harusi au gulini hawana cha kunywa ila maji. Ndugu zao waliokaa nao hospitali wamesikia maelezo yale yale. Ni soko la watu wanaorudi, na mteja anayerudi mara tatu kwa wiki ana thamani kuliko msafara unaopita mara moja.

Lakini ni soko la kuingia kwa tahadhari kubwa. Tayari vinywaji vya majani sehemu nyingi vinauzwa kwa maneno ya kuponya: kinashusha sukari, kinasafisha damu, kinaondoa presha. Glasi hii haiponyi kisukari. Ina sukari kidogo kuliko soda, ina nyuzinyuzi kwa sababu haichujwi, na hapo ndipo sifa zake zinapoishia. Mgonjwa akiaminishwa vinginevyo akaacha vidonge vyake kwa ajili ya juisi ya Sh. 1,000/-, madhara yake hayatalipika kwa faida ya kibanda. Mwenye ugonjwa wa figo aulizie kwanza kwa daktari, kwani parachichi na majani yana potasiamu nyingi. Anayetumia dawa ya warfarini ya kuzuia damu kuganda aulizie pia, kwa sababu ya vitamini K iliyomo kwenye mboga za majani. Bango linalosema "Haijaongezwa sukari" linatosha, na ni la kweli.

Usafi ni sehemu ya mtaji, wala si pambo. Juisi hii haichemshwi baada ya kusagwa, kwa hiyo chochote kilichoingia kinaingia tumboni. Mchicha wa bondeni unamwagiwa maji ya mto, na kuusuuza mara moja kwenye beseni hakutoshi; ndiyo sababu nyingine ya ile dakika moja ya maji yanayochemka. Tango na nanasi vioshwe kabla ya kukatwa, si baada. Visu vya blenda vifunguliwe na kuoshwa kila baada ya glasi chache, kwani chini ya visu ndipo mabaki ya jana yanapojificha.

Kagera imepitia mlipuko wa ugonjwa wa Marburg mara mbili, Bukoba Vijijini kuanzia Machi 2023 na Biharamulo mwanzoni mwa 2025. Ugonjwa huo unahusishwa na popo wala matunda. Tunda lililotafunwa na mnyama au lililookotwa chini ya mti likiwa na alama za meno lisisagwe, hata kama upande uliobaki ni mzima na hata kama limetolewa bure. Muuzaji anayeweka ndoo ya kunawia mbele ya kibanda haogopeshi wateja kama wengine wanavyodhani. Katika mkoa huu ndoo ile imekuwa dalili ya biashara inayojiheshimu.

MSIMU NA MTAJI

Fedha katika Karagwe na Kyerwa zina majira yake. Mavuno ya kahawa yanaanza karibu Mei na kuendelea miezi ya kiangazi, malipo yanapita kwenye vyama vya msingi, na miezi hiyo ndiyo mtu wa kawaida anakubali kutoa Sh. 1,000/- kwa kinywaji. Bahati mbaya Juni, Julai na Agosti ndiyo miezi ya ukame, mchicha wa bustani za juu unakauka na bei ya fungu inapanda wakati wateja ndio wengi zaidi. Anayetaka kufanya biashara hii kwa mwaka mzima hana budi kupatana mapema na mkulima wa bondeni mwenye maji, kwa bei iliyokubaliwa tangu Aprili, na pengine kumpa mbegu. Tuta moja la mchicha linalopandwa kila wiki badala ya yote kwa mpigo linampa majani bila kukatika. Hili ni jambo dogo la mbegu na jembe, lakini litaamua mengi kuliko aina ya blenda.

Kutegemea zao moja kuna hatari yake, na Kagera inaifahamu. Mnyauko wa migomba uliripotiwa mkoani humo mwaka 2006, na kaya zilizokuwa zikiishi kwa mkungu zikalazimika kutafuta kitu kingine cha kuuza. Bustani ya mboga na mti wa parachichi ni kati ya vitu ambavyo shamba dogo linaweza kubeba bila kung'oa mgomba. Kama vibanda vya juisi vitaongezeka, mnunuzi wa kwanza wa bustani hiyo atakuwa ndani ya kata, bila gharama ya lori.

Kuhusu vifaa, blenda ya nyumbani inatosha kuanzia, mradi isizungushwe zaidi ya dakika moja au mbili mfululizo. Nyingi zinaungua kwa kulazimishwa kusaga tangawizi ngumu bila maji. Maji na tango vitangulie, parachichi liwe la mwisho. Umeme ukikatika hakuna biashara, hivyo anayeweza awe na betri yenye inveta, au akubali kwamba siku hiyo anauza matunda ya kukata. Mkoa huu kwa miaka mingi umetegemea umeme unaotoka Uganda, na wafanyabiashara wake wanajua maana ya kusubiri.

Wapo wawekezaji wadogo watakaotaka kuruka hatua na kufungasha juisi ya kijani kwenye chupa za kupeleka Bukoba na Mwanza. Kwa sasa hilo lingoje. Juisi hii ikichemshwa ili idumu, rangi yake inakufa na ladha ya parachichi inakuwa chungu, isipochemshwa, haidumu. Viwanda vya ng'ambo vinavyouza juisi ya namna hii kwenye chupa vinatumia mitambo ya mgandamizo mkubwa ambayo si ya mtaji wa mtu mmoja. Kuijaza kwenye chupa zilizookotwa za maji ya kunywa, kama inavyoonekana kwenye stendi nyingi, ni kosa la kiafya na la kibiashara. Usalama wa chakula tangu Julai 2019 uko chini ya Shirika la Viwango, TBS, baada ya jukumu hilo kuondolewa iliyokuwa TFDA. Mjasiriamali mdogo anayetaka alama ya ubora huanzia SIDO, ambayo Kagera ina ofisi Bukoba, apate barua ya utambulisho.

Kwa kibanda cha glasi mtaji ni mdogo na vyanzo vipo. Mikopo isiyo na riba ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambapo 4 ni ya wanawake, 4 ya vijana na 2 ya watu wenye ulemavu, ilisimamishwa Aprili 2023 na utaratibu wake mpya ukaanza 2024. Kikundi cha watu watano wenye blenda mbili, jokofu moja la kutumia kwa pamoja na mkataba na bustani mbili za bondeni kinaweza kuandika andiko lenye hesabu kama iliyo hapo juu. Afisa maendeleo ya jamii wa kata atauliza kwanza glasi ngapi zinahitajika kwa siku ili mkopo urudi. Jibu liwe kwenye karatasi kabla ya swali, na lihesabiwe kwa wateja wa Februari, mwezi ambao fedha ya kahawa imekwisha mifukoni, na siyo kwa wale wa Julai.